Msipande Nyasi Mwezi wa Juni: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Barabara na Bustani za Dar es Salaam

Kwa wakurugenzi wa halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa mameneja wa TANROADS na TARURA, wakala za barabara kuu na za mijini na vijijini, mkoani. Na kwa kila anayetia saini mkataba wa kupendezesha jiji.

YAH: NYASI ZINAZOKUFA KILA MWAKA KWA FEDHA ZETU

Ndugu Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi bustani. Nina kitalu cha miche kando ya barabara, upande wa Tegeta, na huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii. Naanza kwa kukiri, maana nisipokiri mtaniona mnafiki: ninakula kwa nyasi. Ada za watoto wangu wawili zimetoka kwenye viroba vya ukoka na paspalamu. Haya ninayoyaandika, mkiyasikiliza, mimi ndiye wa kwanza kupungukiwa.

Kuna barabara moja hapa mjini, sitaitaja, wala sitaitaja ofisi iliyotoa kazi, ambayo eneo lake la katikati nimelipanda nyasi mara tatu. Udongo uleule, ukingo uleule wa zege, urefu wa kama kilomita moja. Mara ya kwanza tuliingia mwanzoni mwa Juni. Tulishusha malori ya udongo mweusi, tukachanganya samadi, tukachomeka vipandikizi kwa mstari huku magari yakitupita shavuni. Boza la maji lilikuja asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita pakawa kijani kama kitambaa cha meza ya harusi. Picha zikapigwa, kazi ikakabidhiwa, mkandarasi akalipwa, boza likaondoka. Kufika Septemba pale katikati palikuwa na rangi ya mkeka wa zamani, na kilichobaki hai ni gugu la ndago tu, tena ile ndago tuliyoileta sisi wenyewe na udongo.

Mwaka uliofuata nikaitwa tena. Mwaka mwingine nikaitwa tena. Mara ya tatu nilimuuliza msimamizi, "Bosi, kwani hapa si palepale?" Akacheka. "Fundi, wewe panda." Nikapanda. Ada ilikuwa inadaiwa.

Kwa nini Juni? Kila aliyewahi kufanya kazi ya serikali anajua. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na fungu lisilotumika huwa mashakani, kwa hiyo Mei na Juni mji mzima unakimbizana: makalavati, rangi za ukutani, taa, na mwisho kabisa, kama chumvi inayonyunyiziwa chakula kikishaiva, bustani. Sisi mafundi tunaujua msimu huo kuliko wakulima wanavyoujua wao wa mpunga. Simu zinaita usiku. Lakini mvua haifuati mwaka wa fedha. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni upepo wa kusi na anga jeupe, mvua ni za kubahatisha, na mche uliopandwa wakati huo ni mtoto mchanga aliyeachishwa ziwa siku aliyozaliwa. Anaishi kwa boza. Siku boza likikosa mafuta, au fundi wa boza asipolipwa, mchezo umekwisha.

Hesabu ya maji ni ndogo, naweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi fupi kwenye jua la Dar es Salaam hupoteza kama milimita nne kwa siku, na siku za joto kali hata tano. Kilomita moja ya eneo la kati lenye upana wa mita tatu ni mita za mraba 3,000. Zidisha kwa nne: lita 12,000 kwa siku moja, ili tu nyasi zibaki kijani. Boza la lita 10,000 likimwagwa lote halijatosheleza kilomita moja. Sasa hesabuni wenyewe barabara zetu zina kilomita ngapi za aina hiyo, na kuanzia Juni hadi Septemba kuna siku ngapi.

Maji hayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya bomba la jiji hili inatoka Mto Ruvu. Mwishoni mwa 2022 mto ulipungua, tukaingia kwenye mgao, na watu wakarudi kulala na madumu mlangoni. Sensa ya mwaka huohuo ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Mimi nilikuwa napita na mpira wangu wa kumwagilia nyasi za watu huku nikitazamwa na akina mama wenye ndoo. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Wakati huo nilikuwa na mteja Mbezi, mama mmoja mstaafu mwenye kiwanja kizuri cha nyasi mbele ya nyumba, kama mita mia za mraba. Siku moja nilifika na kukuta geti liko wazi, yeye kakaa barazani anatazama nyasi zake zinavyopauka.

"Mama, nimwagilie kidogo? Tangi lina maji."

"Fundi, hayo ya tangi ni ya kupikia. Hizi nyasi tangu nimezipanda zimewahi kunipa nini?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Hazina kivuli, hazina tunda, hazina ua. Watoto wake walishakuwa watu wazima, hakuna anayezichezea. Zilikuwa zinakunywa kama lita 400 kwa siku, na kila baada ya wiki mbili naja kuzinyoa kwa mashine inayokunywa petroli, kisha namwachia bili. Tulikubaliana tuziache zife, na mvua zikirudi tupande vitu vingine. Ile ndiyo siku niliyoanza kufikiri, nikiwa na umri huu.

Na nilipofikiri nikagundua kuwa hata sijui nyasi hizi za kunyolewa zilikujaje kuwa ndiyo maana ya neno "bustani". Nikasoma kidogo kidogo. Ni desturi ya mashamba ya matajiri wa Uingereza, waliokuwa na kondoo wa kuzilisha au vibarua wa kuzifyeka. Mashine ya kuzikatia aliibuni Edwin Budding huko Gloucestershire mwaka 1830, na tangu hapo hata mwenye kiwanja kidogo akaweza kujifanya lodi. Kilichonishangaza zaidi ni mvua. London inapata kama milimita 600 kwa mwaka. Dar es Salaam inapata zaidi ya 1,000! Ila zao zinagawanywa mwaka mzima kwa kijiko, na jua lao ni la kuazima. Zetu zinamwagwa kwa ndoo ndani ya miezi michache, halafu jua linabaki na sisi. Desturi hiyo ya nyasi ilikuja huku na wakoloni, ikakaa Uzunguni, kule Oysterbay, na sisi wa Uswahilini tukaitazama kupitia uzio mpaka tukaamini kwamba maendeleo ndiyo hayo.

Bibi zetu hawakuwa na nyasi mlangoni. Walikuwa na uwanja wa mchanga uliofagiwa alfajiri hadi ukabaki na michirizi ya ufagio, mti mmoja wa kivuli, na asumini na rihani kwenye makopo. Hawakufyeka kwa kukosa ustaarabu. Walitaka kumwona nyoka kabla nyoka hajawaona.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu wageni. Mwembe ni mgeni, mkorosho ni mgeni, mwarobaini ulitoka India, mkrismasi unaotupendezesha kila Desemba kwa maua yake mekundu ulitoka Madagaska. Siwezi kusimama hapa niseme ung'olewe hata mmoja. (Mgeni ambaye ningemfungia virago leo hii ni kunguru wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa anakula makinda ya kila ndege mdogo aliyebaki mjini. Lakini hilo ni la barua nyingine.) Hata ukoka wenyewe si adui, na wala si mgeni. Ukoka ukiachwa kwa tabia yake hulala kiangazi, ukawa kahawia, na mvua ikigusa tu unaamka. Kosa ni kuuamsha usingizini kwa boza. Pale watoto wanapocheza mpira, pale wazee wanapokaa Jumapili, acheni ukoka, na mwezi wa Agosti acheni uwe kahawia. Kiwanja cha shule cha kahawia hakijawahi kumuumiza mtoto.

Nazungumzia sehemu ambazo hakuna mtu anayekanyaga. Katikati ya barabara. Kwenye vipilefti. Chini ya madaraja ya juu. Kwenye miteremko ya kingo. Mbele ya ofisi zenye ubao wa USIKANYAGE MAJANI. Kama hapakanyagwi, nyasi ya nini?

Sasa niseme ninachokipanda siku hizi, maana malalamiko bila miche ni kelele.

Mshubiri ndio askari wangu wa kwanza. Unakaa na maji yake ndani ya jani, unavumilia moshi wa daladala, mbuzi hawaugusi kwa uchungu wake, na miezi ya ukame, wakati nyasi zimekufa, wenyewe unatoa mikuki ya maua ya rangi ya chungwa. Maua hayo yanamwita chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Kwa yule mama wa Mbezi tulipanda mishubiri 40, na sasa anahesabu chozi barazani badala ya kuhesabu bili. Mkonge pori, ule wenye majani ya kusimama kama panga yenye madoa, huo hata ukiusahau kwenye kiriba nyuma ya choo unakusubiri. Nimewahi kuusahau miezi mitano.

Ufukweni, kwa wanaosimamia Coco Beach, Kunduchi na Kigamboni, kuna mlakasa. Watu wanaukanyaga bila kuujua jina: mtambaazi wenye jani lililogawanyika kama kwato la mbuzi na ua la zambarau. Unakunywa chumvi kama sisi tunavyokunywa chai. Kazi yake ni kuushika mchanga usihamishwe na upepo na mawimbi, na anayeupanda ni bahari yenyewe, kwa mbegu zinazoelea. Nimeona watu wakiung'oa ili wapande nyasi, kisha wakalalamika mchanga unaliwa.

Sehemu inayotuama maji mvua ikinyesha, panda mkindu. Unapenda miguu iwe na unyevu, na ukikua mnaupata ukindu wa mikeka bure. Akina mama wanaoutafuta kwa nauli kubwa watawaombea dua. Uzio wa kijani? Kuna mdaa, ambao mizizi yake ndiyo iliyokuwa ikitia rangi nyeusi kwenye ukindu huohuo. Ukikatwa unajaa, haumwagi majani. Na mbungo kwenye ukuta wa shule, ikiwa ukuta ni imara, ni kivuli na juisi.

Halafu miti yenyewe. Mkwaju unakwenda chini kutafuta maji, hauombi. Mfuu unazaa vitunda vyeusi ambavyo kila mtu wa umri wangu alivila njiani akitoka shule. Mbambakofi, ambao mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu watoto wanachezea. Mpingo, ambao ni mti wa taifa. Unakua kwa mwendo wa kinyonga, kweli, lakini maua yake meupe yananukia, na sijui mti wa taifa tunauweka wapi kama hata mbele ya ofisi ya umma haupo. Na msandarusi. Huu unaniuma. Utomvu wake, sandarusi, karne ya 19 ulichimbwa pwani hii na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Matajiri wa huko waling'arisha samani zao kwa mti wetu. Leo, katika vitalu vyote ninavyovijua hapa mjini, sijawahi kuuona mche wake ukiuzwa hata kwa bahati. Muashoki kutoka India unaupata kila baada ya hatua kumi, umesimama kama askari wa gwaride kwenye kila ukumbi wa harusi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mimea ya Dar es Salaam imekuwa mgeni njoo, mwenyeji ang'olewe.

Nataka pia niwape kisa cha kuchekesha, kama mtakiona cha kuchekesha. Kuna mmea wa ndani unaowekwa mapokezi ya mahoteli na mabenki, wenye majani mazito ya kung'aa kama yamepakwa mafuta. Kitaalamu unaitwa Zamioculcas. Wateja wanaupenda kwa sababu unasahauliwa mwezi mzima bila maji na haufi. Wananiletea picha kwenye simu: "Fundi, nitafutie hii, ni ya nje." Kweli Waholanzi ndio walioanza kuuotesha kwa wingi na kuuza dunia nzima miaka ya 1990. Lakini mmea wenyewe ni wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo! Hauhitaji maji mengi kwa sababu umezaliwa kwenye kiangazi chetu. Una viazi chini ya udongo unakotunza akiba. Ni kama lile ua dogo la zambarau la Usambara lililochukuliwa mwaka 1892 na Mjerumani aliyekuwa akitawala Tanga, Walter von Saint Paul, na sasa limejaa madirishani Ulaya na Marekani kwa jina lake. Wenzetu wanajua kilichopo kwenye vichaka vyetu. Sisi tunavifyeka tupate nafasi ya paspalamu.

Na majina ya mitaa bado yanatukumbusha. Mikocheni, kwa ile mikoche. Kinondoni Mkwajuni. Magomeni Mikumi. Mbuyuni zipo kadhaa. Ni nani kati yenu aliyeona mkoche Mikocheni mwaka huu? Nauliza kwa nia njema, kama upo nikachukue mbegu.

Kitu kingine, na hapa naongea na wahandisi. Mnapojenga eneo la katikati ya barabara, mnalijaza udongo mpaka unazidi ukingo wa zege, linakuwa kama mgongo wa kobe. Mvua ya masika ikishuka, maji hayaingii, yanateremka na udongo hadi barabarani. Asubuhi akina mama wa usafi wanaukwangua kwa majembe na kuurudisha palepale, kesho mvua inaushusha tena. Tope linalobaki linaziba mtaro, mtaro ukizibwa barabara inakuwa mto, na huko mbele kuna mtu wa bonde la Msimbazi anayehamisha godoro. Sisemi nyasi ndizo zinazosababisha mafuriko ya Jangwani. Sababu zake ni nyingi, na nyingine ziko vilimani mbali na bustani zangu. Nasema kila mita ya udongo inayokataa maji inayapeleka kwa mwingine.

Geuzeni. Chimbeni udongo uwe chini ya ukingo kwa shubiri moja (ya mkono, siyo ile chungu), acheni nafasi kwenye ukingo kila baada ya mita kadhaa ili maji ya barabarani yaingie, pandeni mkindu na majani marefu ya asili katikati, mshubiri pembeni palipo pakavu. Mvua ikinyesha, bustani inakunywa. Mtatumia udongo mchache zaidi, na kuna mabonde ya mito yatakayopumua, maana huo udongo mweusi tunaowamwagia unachimbwa mahali.

Najua mtakachouliza kwanza: mbu. Mbu wa kuuma anahitaji maji yaliyotuama kama wiki moja na zaidi mpaka kiluwiluwi awe mbu kamili. Shimo la bustani kwenye mchanga wetu hukauka ndani ya siku moja au mbili. Penye mfinyanzi, kama kule mabondeni, maji hukaa zaidi. Huko msichimbe, au changanyeni mchanga na kokoto kwanza. Tairi bovu na kopo la rangi nyuma ya ofisi zenu vinazaa mbu wengi kuliko kitu chochote nitakachopanda.

Nyoka, ni kweli watu wanaogopa, na mimi naogopa. Jibu ni la bibi: acha mita moja ya mchanga uliofagiwa kati ya mimea na njia ya miguu. Vibaka, ni kweli pia. Karibu na vivuko na vituo vya mabasi mimea isivuke magoti, na miti ipogolewe matawi ya chini ili dereva na mpita njia waonane. Mifuko na chupa za plastiki zitanasa kwenye vichaka, hilo sina dawa yake. Kwenye nyasi zinaonekana upesi na kuokotwa upesi, naliweka upande wa nyasi kwa haki.

Na uzuri? Hapa ndipo tunapobishana na wateja. Mwaka wa kwanza bustani ya asili inaonekana kama mtu aliyenyolewa vibaya. Miche iko mbalimbali, udongo unaonekana, jirani anauliza kama fundi alikimbia na pesa. Mwaka wa pili inaanza kufunga. Wa tatu mtu anasimamisha gari. Kiongozi anayetaka picha ya kijani wiki ijayo kwa sababu kuna ugeni hawezi kuipenda, na ndiyo maana naomba jambo hili lisiachiwe kupenda kwa mtu. Liandikwe.

Kwanza kabisa liandikwe kwenye mkataba. Karatasi za kazi ninazopewa zinasema "kupanda nyasi, mita za mraba" kadhaa, basi. Ukishapanda umemaliza. Barabara yenyewe ina kipindi cha uangalizi: lami ikipasuka mkandarasi anarudi kuziba kwa gharama yake. Mimea nayo ipewe kipindi hicho, tena kipite vipupwe viwili. Sehemu ya malipo ishikiliwe, mkaguzi aje mwishoni mwa Septemba, siyo siku ya kukata utepe, ahesabu mimea iliyo hai bila boza. Kila mkandarasi atajua mwenyewe apande nini. Hamtahitaji kumwambia neno "asili". Ataukimbilia mshubiri mwenyewe.

Kuhusu tarehe, najua hamwezi kuisogeza Juni 30. Lakini mnaweza kuagiza miche mwaka huu wa fedha na kuipanda mwaka ujao. Mche ni mali kama bomba au tofali, unapokelewa, unahesabiwa, unatunzwa kitaluni. Kinachotakiwa ni kitalu. Na kitalu mnacho. Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa imekuwepo tangu 1893, na ilianzishwa kujaribu mimea ya nje kama itaota hapa. Ifanyeni sasa imalize kazi kwa upande wa pili: iwe mama wa mbegu za pwani hii, ambako fundi kama mimi anaenda kununua msandarusi kwa risiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa mimea wanaoijua kwa jina na ukoo. TFS, wakala wa misitu, inauza mbegu za miti ya asili. Tunachokosa ni mtu wa kuwakalisha meza moja.

Ila msituruhusu sisi mafundi tuingie Pugu na Kazimzumbwi na majembe kuchukua miche msituni. Tutaingia, nawaambia ukweli, bei ikipanda tu tutaingia. Misitu ile midogo ya pwani ina viumbe wasiopatikana mahali pengine duniani, na haiwezi kuvumilia njaa yetu. Mbegu, kwa kibali, na miche ya kitaluni tu.

Na wafundisheni akina mama wa usafi na vijana wa mashine za kufyekea. Hili nusura nilisahau, nalo ndilo limeua kazi yangu nyingi kuliko jua. Nimepanda midaa 60 pembezoni mwa uwanja mmoja, kijana akapita na mashine akafyeka yote kwa dakika 20, akidhani ni magugu. Hakukosea. Hakuna aliyemwambia. Kibao kidogo chenye jina la mmea kingetosha, na mtoto wa shule naye angesoma.

Pale nje ya kitalu changu, kando ya mtaro, nimepanda kipande cha hatua 12 kwa 3, kwa mfuko wangu. Mshubiri, mkonge pori, mkindu mmoja kwenye bonde, mkwaju mmoja ambao sasa unanifika kifuani. Nilimwagilia miezi mitatu ya mwanzo, baada ya hapo sijakipa hata kikombe. Njooni mtazame wakati wowote, lakini ningependa mje mwishoni mwa Septemba, saa saba mchana, mkiwa mmetoka kupita kwenye zile nyasi za barabarani.

Mbegu za mkwaju ninazo kilo kadhaa, zimekauka vizuri. Zikiloweshwa na kuoteshwa Oktoba, mvua za vuli zikitusaidia, kufika Machi miche inakuwa ya kufika gotini na iko tayari kwa masika. Nikipata oda Novemba bado tutawahi. Nikiipata Mei nitakuja, nitapanda mnachotaka, na Septemba tutajuana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi bustani, Tegeta